Kabla ya Kusema "Ni Ugonjwa Wake"

Katika miaka niliyomuuguza mama yangu, hakuna maneno niliyoyasikia mara nyingi kama haya: "Ni ugonjwa wake." Mama kakataa kuoga, ni ugonjwa wake. Kamtuhumu mdogo wangu kwamba kamwibia, ni ugonjwa wake. Halali usiku, hataki kula, kampiga kofi anayemvalisha, basi ni ugonjwa wake. Watu walisema hivyo kwa wema, ili sisi watoto tusiumie, na kwa upande mmoja walikuwa sahihi: mama alikuwa na demensia, hali ya ubongo kupoteza polepole uwezo wa kukumbuka, kufikiri na kufanya kazi za kila siku, na hakuna alichokifanya kwa kusudi la kutuudhi. Lakini maneno hayo yana madhara. Yakishatamkwa, kila mtu anaacha kutafuta. Nami nimeona kwa macho yangu kwamba nyuma ya karibu kila tabia iliyotutesa kulikuwa na sababu ya karibu, iwe jino, kibofu, baridi, giza, dawa au woga, na nyingi kati ya hizo ziliweza kuondolewa hata kama ugonjwa wenyewe hauondoki.

Mama alikuwa fundi cherehani, na dalili ya kwanza haikuwa kusahau. Alimshonea mteja wake wa siku nyingi blauzi, na mikono yote miwili ikatoka ya upande wa kulia. Mafundi wanaelewa: mkono wa blauzi una mbele na nyuma, mviringo wa mbele unachimbwa zaidi, na ukikata vipande viwili bila kukigeuza kimoja unapata mikono ya upande mmoja. Ni kosa la anayejifunza. Mama alikuwa anaifanya kazi ile tangu usichana wake. Akaifumua, akakata kitambaa kingine, ikatoka vilevile. Nilimkuta ameketi na vile vipande mapajani, anakigeuza kimoja, anakilaza juu ya mwenzake, anakigeuza tena, na haoni kasoro iko wapi.

Tukiutaja ugonjwa huu, wengi wetu tunamfikiria mzee anayesahau majina. Kwa wengi ndivyo unavyoanza, lakini si kwa wote. Kwa mmoja kinachoanza kupungua ni uwezo wa kupanga hatua za kazi, kwa mwingine ni kukadiria umbali na maumbo, kwa mwingine maneno yanampotea mdomoni. Na iko aina inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo, ambapo mtu mstaarabu anageuka kuwa mtu asiye na haya wala huruma, na kumbukumbu zake bado nzima. Familia za watu wa aina hiyo huteseka sana kabla hazijaelewa, maana kila mtu anadhani ni tabia mbaya tu, na wengine wanafika hadi kuvunja ndoa kabla ya kufika kwa daktari.

Kwa mama, kusahau kulikuja baadaye. Alianza kuuliza jambo lililojibiwa punde tu. Bili moja aliilipa mara mbili. Akapotea kwenye njia aliyoipita maisha yake yote. Mkasi ukawa "kile cha kukatia". Akiulizwa alikuwa na sababu tayari: taa hafifu, kitambaa kibovu, wateja wamemchosha. Sikudhani kwamba anaficha, na daktari baadaye alinieleza kwa nini. Mara nyingi sehemu ya ubongo ambayo ingemjulisha mgonjwa kuwa amepungukiwa nayo imeguswa na ugonjwa. Kumbishia mtu huyo mpaka akubali kwamba anaumwa ni kumuumiza bure.

Kila mzee husahau, na si kila anayesahau ana demensia. Anayezeeka kikawaida hulisahau jina la mtu akalikumbuka jioni. Huweka miwani mahali, akarudia nyayo zake akaipata. Mwenye demensia huyasahau mazungumzo yote, hata kwamba yalikuwepo, na miwani huiweka ndani ya birika, kisha hawezi kurudi nyuma kimawazo aifuate. Kipimo nilichokiamini zaidi ni kile cha kazi: je, kuna jambo alilokuwa akilifanya vizuri peke yake ambalo sasa linamshinda? Jibu likiwa ndiyo, na hali hiyo inaendelea miezi, mpeleke.

Kabla ya kumpeleka niliandika kwenye daftari niliyoyaona, na tarehe zake. Ilisaidia kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mbele ya daktari mama alinyooka. Alisalimia vizuri, akacheka, akauliza habari za watoto wa daktari. Daktari angekuwa ni mtu wa kuangalia kwa haraka angeturudisha nyumbani. Huyu alimpa karatasi na kalamu, akamwomba achore uso wa saa. Mama, ambaye alichora mashingo ya magauni kwa chaki bila rula, alichora duara zuri, kisha akazisongamanisha namba zote kumi na mbili upande wa kulia. Upande wa kushoto ukabaki mtupu. Akaniangalia mimi, si daktari, na nadhani hapo alijua.

Kilichofuata ndicho ninachowasisitizia wenzangu, maana huko nako watu huruka moja kwa moja hadi "ni uzee". Daktari alitaka kwanza kuondoa yote yanayoweza kufanana na demensia na ambayo yana tiba. Damu ilipimwa vitamini B12, tezi ya shingo, sukari, chumvi, figo, ini, virusi vya UKIMWI na kaswende. Alipigwa picha ya kichwa kuangalia kama kuna uvimbe, maji yaliyojaa kwenye ubongo, au damu iliyovujia chini ya utando baada ya kuanguka. Mzee anaweza kujigonga kidogo tu na wiki kadhaa baadaye akaanza kuchanganyikiwa. Aliulizwa habari za huzuni, kwa kuwa sonona ya uzeeni huweza kumfanya mtu aonekane amepoteza akili. Halafu daktari akaomba tumwage mezani dawa zote za mama, za hospitali na za kununua. Akaitoa moja pembeni: klorofeniramini, kidonge cha mafua na mzio ambacho mama alikuwa akikimeza karibu kila usiku kwa sababu kinamletea usingizi. Dawa za jamii hiyo, pamoja na amitriptilini na baadhi ya dawa za kuzuia mkojo, huzuia kemikali ambayo ubongo unaihitaji kwa ajili ya kumbukumbu, na kwa mzee zinaweza kumvuruga akili kabisa. Tukaiacha. Baada ya muda mama akachangamka kidogo, asubuhi zake zikawa safi zaidi. Demensia ilibaki, ila sehemu ya ukungu ule haikuwa yake.

Majibu yalikuwa Alzheimer pamoja na viharusi vidogo vidogo ambavyo hatukuwahi kuviona vikitokea. Mchanganyiko huo ni wa kawaida uzeeni. Demensia ni jina la hali, na chini yake yapo magonjwa kadhaa. Alzheimer peke yake huchukua kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa. Jina hilo linatokana na daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1901 alimpokea hospitalini Frankfurt mwanamke wa miaka 51 aliyeitwa Auguste Deter, aliyekuwa amevurugikiwa kumbukumbu na kumshuku mumewe. Alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akakuta mabaki yaliyogandamana nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Leo tunajua ni protini, amiloidi na tau. Kwa kawaida uharibifu huanza mapema katika sehemu inayohifadhi mambo mapya, ndiyo maana mama aliweza kumsimulia mgeni harusi yake kwa kituo na nukta, na asijue kama amekula asubuhi.

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nayataja haya kwa ajili ya wale wanaoufungia ugonjwa ndani kama aibu ya ukoo, au wanaomnyooshea kidole bibi kizee kwamba anawanga kwa sababu amekutwa nje usiku hajui anakwenda wapi. Ni ugonjwa wa ubongo. Haumchagui mtu kwa dhambi zake.

Mkasi wake ndio uliotufundisha habari za tuhuma. Ulipotea karibu kila siku, na kila ulipopotea mwizi alikuwa mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa anashinda naye. Alilia sana kwa ajili hiyo. Tulipomfuatilia mama tuliona anavyofanya: anauficha mkasi ili usiibwe, anausahau mahali alipouficha, anausahau hata kwamba aliuficha. Kinachobaki kichwani ni kwamba mkasi ulikuwepo na sasa haupo. Akili ya binadamu haivumilii pengo kama hilo. Itatafuta maelezo, na maelezo yaliyo karibu ni aliye karibu. Kumwapia kwamba hukuiba hakusaidii, maana unakuwa mwizi na mwongo. Mdogo wangu alijifunza kusema, "Mkasi umepotea? Pole, Mama. Njoo tuutafute wote." Wakautafuta, mkono kwa mkono, na kwa kuwa tulishajua maficho yake (ndani ya foronya, chini ya godoro, katikati ya vitambaa vilivyokunjwa) haukuchelewa kupatikana. Tukaweka pia mkasi wa pili wa aina ileile. Tuhuma zilipungua. Hazikuisha, lakini mdogo wangu alipata kupumua.

Kuoga kulitusumbua zaidi. Mama aliyependa usafi alikuwa akifika mlango wa bafu anashika kizingiti kwa mikono miwili, anapiga kelele kwamba tunataka kumtumbukiza. Tulidhani ni maneno ya kuweweseka tu, hadi muuguzi aliyekuwa akija kumwangalia aliposimama nyuma ya mama na kutazama anakotazama yeye. Sakafuni kulikuwa na zulia jeusi la kukanyagia juu ya vigae vyeupe. Kwa mtu ambaye ubongo wake haukadirii tena kina, kile kilikuwa shimo. Tuliliondoa, na siku hiyohiyo akaingia. Woga wake ulikuwa na akili kabisa. Mimi nisingeingia shimoni pia. Baada ya hapo tuliongeza mengine: maji yanaandaliwa na chumba kinapashwa moto kabla hajavuliwa, taulo linabaki mabegani ili asijione uchi mbele ya watoto wake, tunaanza na miguu na kumalizia na kichwa, na kila hatua tunamwambia kabla ya kumgusa. Siku asizotaka kabisa tulimpangusa kwa kitambaa cha uvuguvugu, basi. Si lazima mtu aoge mwili mzima kila siku ndipo awe msafi.

Jioni ilikuwa saa yake ngumu. Jua likianza kushuka anaanza kuzunguka, anafunga kanga kiunoni kama wa safari, anasema anataka kwenda nyumbani, na hapo yuko kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Hali hii wauguzaji wengi wanaijua. Mwili umechoka, saa ya ndani ya ubongo imeharibika, vivuli vinarefuka na kugeuka watu. Kwetu dirisha la sebule lilikuwa tatizo kubwa: kukiwa na giza nje na taa ndani, kioo kinageuka kuwa kama cha kujitazamia, na mama alikuwa akimwona mle mwanamke mzee asiyemjua akimkodolea macho. Tukawa tunawasha taa zote kabla giza halijaingia na kuvuta mapazia mapema. Mchana tulimtembeza, tukafupisha usingizi wake wa alasiri, na tulihakikisha hafiki jioni akiwa na njaa, kiu au haja aliyoibana.

Kuhusu kwenda nyumbani, hatukumwambia "hapa ndipo nyumbani". Nilimuuliza, "Huko nyumbani kuna nani?" Wakati huo aliniita jina la mama mkubwa, dada yake aliyemlea, nami niliitikia. Alinieleza habari za mama yao anayewangoja. Bibi alishafariki zamani. Kumwambia hivyo kungekuwa kumpa msiba mpya, kisha kumpa tena kesho, kwa kuwa habari haikai lakini uchungu wake unakaa. Hata hivyo sikumwambia kwamba bibi yuko njiani anakuja. Nilimwambia, "Hebu nisimulie, Mama alikuwa anapenda nini?" akasimulia, na akisimulia miguu inatulia. Kisha namwekea kitambaa na sindano isiyo na ncha kali. Vidole vyake vilijua kazi hata pale alipokuwa hajui jina langu: alikunja pindo, akalisugua kwa ukucha wa dole gumba likalala, akalipima kwa jicho. Ujuzi wa mikono hukaa mahali tofauti na kumbukumbu za matukio, na huchelewa kuondoka. Ukimjua mtu alikuwa nani kabla ya ugonjwa, una kazi ya kumpa.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike. Kwa muda mrefu mama alikuwa anapungua polepole sana, kiasi kwamba tofauti tuliiona tukilinganisha msimu na msimu. Halafu kati ya Ijumaa na Jumapili akawa mtu mwingine. Ijumaa alikunja vitambaa na kuimba. Jumapili alilala kutwa, hawezi kukaza macho kwa mtu. Akizinduka anachunachuna hewa kwa vidole kama anachomoa nyuzi kwenye nguo isiyokuwepo, anasemezana na watu waliosimama ukutani, hajui kijiko ni cha nini. Homa hana. Maumivu hasemi. Simu zikaanza kupigwa, ndugu wakaambiana ugonjwa umefika mwisho, waje kuagana naye.

Muuguzi ndiye aliyekataa. Aliuliza imeanza lini, kisha akasema demensia haishuki hivyo, kwa siku. Akauliza amekunywa maji kiasi gani, choo kikubwa amepata lini, mkojo ukoje, kuna dawa yoyote mpya. Alimbonyeza tumbo chini ya kitovu, mama akakunja uso. Tukaenda hospitali usiku uleule. Daktari hakuishia kwenye mkojo, maana wazee wengi wana bakteria kwenye mkojo bila kuugua; alisikiliza mapafu, akapima damu na chumvi, akaangalia kibofu. Walikuta maambukizi ya njia ya mkojo yaliyoanza kupanda juu, upungufu wa maji mwilini, na choo kigumu kilichoziba hata mkojo ukawa hautoki vizuri. Akawekewa dripu na antibiotiki, choo kikafunguliwa. Kurejea kwake kulichukua wiki kadhaa na hakurejea kote, lakini alirejea kwenye vitambaa vyake, na tulikaa naye miaka mingine baada ya hapo. Kuna shangazi alikuwa ameshafika na nguo nyeusi begini.

Kuchanganyikiwa kwa ghafla namna ile ni ugonjwa mwingine unaopanda juu ya demensia, na mwenye demensia ndiye aliye katika hatari zaidi ya kuupata. Hutokea ndani ya saa au siku chache. Hupanda na kushuka. Saa hii anakujibu vizuri, saa ijayo hayupo. Alama yake kubwa ni kwamba mtu hawezi kushikilia mawazo hata kwa muda wa sentensi moja. Chanzo chaweza kuwa nimonia, mkojo, kukosa maji, choo kilichoziba, maumivu, sukari kushuka, dawa iliyoongezwa au iliyoachwa ghafla, au upasuaji. Watu hutambua haraka yule anayepiga kelele na kuona maruweruwe. Anayesahaulika ni yule anayenyamaza na kulala tu, kwa kuwa hamsumbui mtu, na huyo yuko hatarini kuliko mpiga kelele. Mgonjwa wako akibadilika ghafla, iwe kwa kelele au kwa ukimya, mtafutie daktari siku hiyohiyo. Usingoje kesho, na usikubali mtu akwambie ni demensia imezidi kabla hajamgusa.

Baada ya tukio lile nyumba nzima ilibadili namna ya kuuliza. Mama alipoanza kuwapiga waliomsafisha meno na kutema chakula, hakuna aliyesema ni ugonjwa wake. Tulimchungulia kinywani kwa tochi, tukaona gego limepasuka na ufizi umevimba. Likang'olewa, akala. Mtu ambaye hawezi tena kusema "jino linauma" atalisema kwa uso uliokunjamana, kwa kuguna, kwa kupumua haraka, kwa mkono unaosukuma. Mabadiliko ya tabia ndiyo malalamiko yake.

Ndiyo maana ninaogopa haraka ya watu kuomba "dawa ya kumtuliza". Dawa za magonjwa ya akili zinazotumika kutuliza, kama haloperidoli, zimeonekana kuongeza vifo kwa wazee wenye demensia, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo rasmi mwaka 2005 kwa dawa mpya za kundi hilo, kisha mwaka 2008 kwa zile za zamani kama haloperidoli. Kwa wenye demensia ya Lewy, ambao huona watu na wanyama wasiokuwepo kwa uwazi kabisa na kukakamaa mwili, dawa hizo zinaweza kuwaletea madhara makubwa sana. Sisemi zisitumike kamwe. Yapo mateso na hatari ambazo hazina njia nyingine, na hapo daktari huanza na dozi ndogo, kwa muda mfupi, na kuipitia upya. Ila zisiwe jibu la kwanza kwa mtu ambaye hatujamchungulia mdomo wala kuuliza amepata choo lini.

Dawa za demensia yenyewe zipo, nazo zina kiasi chake. Mama alipewa donepezili. Jamaa zake ni rivastigmini na galantamini, na kwa hatua ya kati na ya mwisho kuna memantini. Hazirudishi kilichopotea. Kwa wengine husaidia kushikilia hali kwa muda, kwa wengine huleta kichefuchefu, kuharisha au mapigo ya moyo kwenda polepole mno. Marekani imeidhinisha pia dawa za sindano zinazoondoa amiloidi, lekanemabu mwaka 2023 na donanemabu mwaka 2024, kwa walio katika hatua za mwanzo tu; hupunguza kasi ya ugonjwa kidogo, na ubongo hupigwa picha mara kwa mara kwa kuwa unaweza kuvimba au kuvuja damu. Anayekuuzia kitu cha kuponya kabisa anakudanganya.

Kilichotuokoa mapema ni mazungumzo tuliyofanya mama akiwa bado anaweza kuamua. Nani atasaini kwa niaba yake, fedha zake zitasimamiwa vipi, nyumba iende kwa nani, na mwisho ukifika atake nini. Alisema hataki mipira ya kulishia. Mazungumzo yale yalikuwa mazito, lakini miaka baadaye, pale ndugu walipokuwa hawaelewani, tulikuwa na maneno yake mwenyewe yaliyoandikwa.

Kuhusu anayeuguza nitasema wazi: hii si kazi ya mtu mmoja. Duniani wanawake ndio wanaobeba karibu asilimia 70 ya saa za kuwahudumia wenye demensia, na kwetu ilikuwa hivyohivyo, kaka akituma fedha na sisi mabinti tukikesha. Mdogo wangu alipungua mwili, akawa anaanza kulia bila sababu. Tuliketi tukapanga upya, na kaka akaanza kuja kulala na mama zamu za usiku. Baada ya hapo hakuwahi tena kutoa ushauri kwa simu. Alikuwa anauliza tunahitaji nini. Usingizi wa mwuguzaji ni sehemu ya tiba ya mgonjwa. Asiyelala hawezi kutafuta sababu, na kinachomjia kwanza ni hasira.

Mwishoni mama alianza kusahau hata kumeza. Tulimketisha wima, kijiko kidogo, tukingoja koo lipande na kushuka kabla ya kingine, kinywa kikisafishwa kila baada ya mlo. Wataalamu hawashauri mpira wa kulishia katika hatua hiyo kwa sababu haurefushi maisha wala hauzuii nimonia, na mama alishasema. Nimonia ndiyo iliyomchukua, nyumbani, sote tukiwepo.

Kaka alikuwa na swali ambalo watoto wote hulibeba kimyakimya: na sisi je? Daktari alimjibu kwamba jeni zinazoleta Alzheimer kwa hakika ni nadra, na kwa kawaida hujionyesha kabla ya miaka 65. Mama alianza baada ya hapo. Kuna jeni iitwayo APOE4 inayoongeza uwezekano, lakini wengi walio nayo hawaugui, na wapo wanaougua bila kuwa nayo. Zaidi ya hapo kuna tunayoweza kuyashika. Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 ambayo, yakidhibitiwa tangu utotoni hadi uzeeni, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya demensia: miongoni mwake presha, kisukari, lehemu, sigara, pombe nyingi, kukaa bila mazoezi, kugongwa kichwa, upweke, na kutosikia au kutoona vizuri bila kusaidiwa. Hilo la masikio lilimshtua kaka, aliyekuwa anapandisha sauti ya redio mwaka hadi mwaka na kutulaumu kwamba tunanong'ona. Amekwenda kupimwa. Sasa ana kifaa cha kusaidia kusikia, anameza dawa zake za presha bila kuruka, na mwezi ujao mdogo wetu naye anakwenda.